Kadi ya Mkulima Huru

Novatus hakuwahi kulima hata tuta la viazi, lakini alipopita Migato na kuona foleni ya wakulima mbele ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, alimwambia bodaboda asimame, akashuka taratibu kama mtu aliyefika msibani. Watu waliochoka kusubiri ndio mtaji wake.

Wiki hiyohiyo alikuwa ametoka kuwauzia wenye maduka wa Bariadi mjini stika isemayo kwamba mwenye stika hii hahitaji kibali. Waliinunua kwa kugombania. Watu hawa wamezoea kibali cha afya, cha zimamoto, cha bango, cha takataka, hadi hawaulizi tena karatasi imetoka kwa nani. Wanauliza ibandikwe wapi. Pesa zao alikuwa nazo kiunoni.

Mbele ya foleni, karani wa chama, Josia, alikuwa amezamisha mkono hadi kwapa ndani ya kiroba cha pamba cha mama mmoja aitwaye Milembe.

"Ina unyevu. Kaanike, urudi."

"Juzi ulinirudisha, Josia."

"Na leo nimekurudisha. Ndio utaratibu."

"Nikianika, pesa lini?"

"Zikiingia, simu yako itakuambia."

Pamba ya Milembe ilikuwa kavu kuliko koo la Josia, ambaye alifunga kitabu saa hiyohiyo akaenda kunywa chai. Na alijua vizuri shida ya huyu mama. Maksai wake mmoja alikufa tangu Mei, aliyebaki hana mwenzake, na jembe lake la kukokotwa lilitengenezwa kwa ng'ombe wawili. Mzee Luhaga alikuwa na maksai wa kuuza, taslimu, na alimpa hadi Jumamosi. Jumamosi ikipita, msimu mzima ungemkuta Milembe ameinama na jembe la mkono, na umri wake si wa kuinama.

"Mwangaluka, mayu," Novatus akasalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka."

"Nisamehe kuingilia. Ng'ombe wako unamuuzia nani?"

"Ninayemtaka."

"Kuku wako?"

"Hivyohivyo."

"Sasa pamba umelima wewe, umepalilia wewe, umechuma wewe. Bei apange mtu aliyekaa kwenye feni, pa kuuzia upangiwe, halafu Josia aje kuchokonoa kiroba chako kama mfuko wa mwizi. Huo mkono, mayu, ni dharau. Soko huria halina mkono wa mtu ndani ya gunia."

Kinachoniudhi mimi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Tapeli aliyeiva haanzi na uongo. Anautunza hadi afike kwenye ada. Foleni nzima ikamsogelea, naye akatoa kadi za plastiki zenye picha ya tumba la pamba: Kadi ya Mkulima Huru. Mwenye nayo anauza popote, haulizwi na mtu. Ada ni kiroba kimoja tu cha pamba. Hakusema kwamba kwenye kinu kimoja cha kuchambulia pamba, cha pembeni huko Maswa, kuna mpokeaji anayepokea mzigo usio na karatasi.

Milembe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo bei ni mapatano?"

"Mapatano matupu."

"Na wewe hukagui?"

"Mayu, mimi nikukague wewe?"

"Basi kadi sitaki. Nina viroba thelathini nyumbani. Nipe nusu ya bei ya chama, taslimu. Ijumaa njoo na gari."

Novatus alipiga hesabu akajikuna kidevu ili mkono uzibe tabasamu. Jumla ilikuwa bei ya maksai mmoja.

Ijumaa alifika na Fuso ya kukodi. Viroba vilikuwa vimepangwa uani, vimeshonwa midomo vizuri, na majirani waliotaka kadi wamesogeza vyao. Novatus akanyoosha kidole kutaka kupanua mshono.

"Ngoja kwanza," Milembe akamwambia. "Wewe ulisema mkono wa Josia ni dharau. Wako ni mkono gani?"

Majirani wakacheka. Novatus akarudisha kidole mfukoni, akalipa, akagawa kadi. Wapakiaji walilalamika viroba vizito mno. Hilo lilimfurahisha, maana yeye alinunua kwa kiroba na kinu kinapima kwa kilo. Washamba hawa, akawaza, hata faida yao hawaijui.

Maswa, mpokeaji wa kinu alipokea salamu, akakunja shati na kuzamisha mkono. Hata wezi wana ukaguzi wao. Juu palikuwa na pamba ya kiasi cha shubiri moja. Chini yake mkono ukatoka na mchanga wa mtoni, bado mbichi, na konokono mdogo ndani yake.

"Umeniletea mto," akasema. "Geuza gari."

Wakafungua vingine kumi, vya majirani vikiwemo, vyote hivyohivyo. Dereva wa Fuso alitaka pesa yake. Kilichobaki kiunoni mwa Novatus hakikutosha, ikabidi aongeze na simu yake.

Hapo ndipo bwana soko huria alipokwenda mwenyewe, kwa miguu, hadi ofisi ya mazao. Akapiga meza.

"Serikali iko wapi? Watu tunauziwa mchanga, hakuna anayekagua!"

Ofisa akampa kiti. Akamwomba, kwa upole kabisa, leseni yake ya kununua pamba. Novatus alijipapasa mifuko yote, akaibuka na Kadi ya Mkulima Huru. Ofisa aliisoma mbele, akaisoma nyuma, kisha akainuka kwenda kufunga mlango.

Zile stika za Bariadi bado zipo milangoni. Sijasikia aliyebandua.

Pamba yake halisi Milembe aliirudisha kwa Josia. Mkono ukaingia hadi kwapa, ukatoka, ukaandika kilo kitabuni. Malipo yalichelewa kama kawaida, lakini safari hii angeweza kuyasubiri, kwa sababu Jumamosi ilipopita maksai wa Luhaga alikuwa zizini kwake.

Mvua za kwanza ziliponyesha alimfunga nira pamoja na yule wa zamani. Majirani wakauliza jina la huyu mgeni.

"Huria," akasema Milembe, akamchapa kiboko cha mgongo. "Huria, nyoosha mstari!"

Na Huria, shingo ndani ya nira, akanyoosha.