Wakristo Safi na Wakristo Fifi

Inatangazwa kwa waumini wote wa Kasoli, na kwa jirani yeyote mwenye masikio kuanzia Dutwa hadi Bariadi mjini, kwamba wema sasa umepangiwa madaraja. Ndivyo nilivyosoma kanisani Jumapili ile, nimevaa koti langu la ukaguzi. Watu walipiga makofi marefu. Nadhani baadhi yao walifikiri nimemaliza.

Mimi naitwa Machibya. Kabla ya soko huria nilikuwa mkaguzi wa pamba wa chama cha msingi. Mkulima alimwaga pamba yake juu ya turubai, nami niliingiza mkono, nikavuta nyuzi, nikatamka: safi, au fifi, yaani ya daraja la pili. Wazee wenye ng'ombe zizi tele walikuwa wakitetemeka mbele ya kidole changu hiki. Ulikuwa wakati wa utaratibu.

Halafu wakaja wanunuzi binafsi. Kristofa, wakala wa kampuni moja ya Mwanza, alitundika mzani wake pale gulioni akaanza kununua safi na fifi kwa bei ileile, hata kuangalia haangalii. Maadili yakaporomoka. Watu walianza kumwagia pamba maji ili iwe nzito. Mimi binafsi nililazimika kutia mchanga kidogo kwenye magunia yangu, si kwa tamaa, bali kama njia ya kupinga sera.

Lakini mtaalamu hatupwi. Mwaka huo Mchungaji Sylvester alipelekwa Mwanhuzi, ambako hawakuwa na mchungaji, akawa anatufikia kwa pikipiki siku za sikukuu tu. Usharika akatuachia sisi wazee wa kanisa, na pamoja na usharika akatuachia tatizo. Katika mahubiri yake ya mwisho alisema Mungu humpokea mtu kwa neema, bure, wala si kwa matendo yake, asije mtu akajisifu.

Bure! Nchi nzima ilikuwa imeacha mambo ya bure. Hospitali tunachangia, shule tunachangia, hata ng'ombe akiingia josho anachangiwa. Iweje mbinguni peke yake wabaki na siasa za zamani?

Kwa hiyo tukaunda Kamati ya Upangaji Madaraja ya Matendo, kwa kifupi KAUMAMA. Mwenyekiti alikuwa Mzee Jilala, aliyepata kuwa mwenyekiti wa kila kitu kilichowahi kuundwa Kasoli na kufa. Mama Elina aliwakilisha akina mama. Mimi nilikuwa Katibu na Mtaalamu. Ili kuokoa muda, Kamati ilianza kwa kujipima yenyewe, ikajikuta safi.

Tulifunga kamba katikati ya kanisa, ile ya kufungia magunia. Wakristo Safi walikaa kulia, upande wa madirisha. Wakristo Fifi walikaa kushoto, paa linakovuja. Kristofa alipangwa fifi bila hata kuulizwa swali, kwa sababu ya kazi yake.

"Lakini Machibya," Mama Elina aliuliza katika kikao cha kwanza, "Bwana alisema ukitoa sadaka mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Sasa sisi tutajuaje?"

Mzee Jilala alifikiri. Alikuwa akifikiri huku amefumba macho, na mara nyingine ilibidi aamshwe.

"Mkono wa kushoto usijue," alisema. "Kamati ijue."

Hapo ndipo ulipozaliwa Mwongozo. Wema usioonekana hauwezi kupimwa, kama pamba iliyobaki ghalani kwa mtu. Ni lazima ufanyike mbele ya mkaguzi. Na kwa kuwa msimu ule wakaguzi tulikuwa mashambani mwetu kutwa, ilionekana ni busara wema wote ufanyike humo humo. Wafifi waliotaka kupanda daraja walikuja na majembe yao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliwapa nafasi ya kuinama kuanzia mstari wa kwanza wa pamba hadi wa mwisho. Mwaka ule shamba la Mzee Jilala halikuwa na jani hata moja la magugu. Lilipendeza machoni pa Mungu na pa majirani.

Sasa nieleze suala la Milembe, kwa sababu watu wamelipotosha.

Milembe binti Mahona alikuwa mjane aliyeishi peke yake kando ya njia ya gulioni, akipika pombe ya mtama. Moshi wa kuni na samadi ulikuwa umemharibu macho, yakawa mekundu, na huku kwetu mnajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu anasemwa nini. Ndama wa mtu akifa, watu hutazama upande wa nyumba yake. Alikuwa ameacha kupika, akamaliza mafundisho yote kwa Mchungaji, na kilichobaki ni ubatizo. Mchungaji akahamishwa kabla ya siku kufika, na suala likaangukia mikononi mwa Kamati.

Alikuja akasimama mlangoni pa ofisi, ambayo siku nyingine ilikuwa stoo ya jembe la kukokotwa, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Shida yako?"

"Nataka kubatizwa."

"Wewe hujapangwa," nikamweleza kwa upole. "Huwezi kuwa safi wala fifi, maana hujaingia kwenye turubai. Fanya kwanza matendo, tukupime."

"Mchungaji alisema ni bure."

"Mchungaji hakuwa na takwimu," alisema Mzee Jilala.

Milembe hakubishana. Alipalilia shamba la Mwenyekiti, akapalilia langu, akachota maji ya kanisa kutoka lambo kila Jumamosi hadi mapipa yakajaa. Kila alipomaliza alikuja kuuliza neno moja tu: "Bado?" Nasi tulimjibu ukweli, kwamba amekaribia. Wakati wa kuchuma ulipofika akachuma.

Kisha akafanya kosa. Siku ya kuchuma kwa Mwenyekiti hakuonekana. Baadaye ikajulikana kwamba mke wa jirani alishikwa na uchungu njiani, na Milembe alimpakia juu ya baiskeli ya mtu, akaisukuma huku akitembea kwa miguu mpaka zahanati ya Dutwa. Mama na mtoto walikuwa wazima. Kamati ilijadili jambo hilo kwa kina.

"Ni tendo jema," alisema Mama Elina.

"Limefanyika Dutwa," nilimkumbusha. "Hatuna mjumbe Dutwa."

"Tena ni utoro," alisema Mzee Jilala. "Pamba yangu ililala juu ya miti."

Tukamrudisha mwanzo. Siku hiyo Mama Elina alitoka kikaoni bila kuaga, jambo ambalo ni kinyume cha taratibu.

Wiki iliyofuata Milembe alikuja asubuhi mapema. Hakuuliza "Bado?" Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Mtu amechora panga kwenye mlango wangu. Kwa mkaa."

Kila mtu huku alijua maana ya mchoro ule. Kulikuwa na vikongwe waliochorewa hivyo, na nyumba zao sasa zimeota nyasi.

"Pole sana," nilisema. "Lakini suala la panga liko nje ya hadidu za rejea."

"Sisemi mlitatue. Nauliza kitu kimoja. Nikipiga mwano, mtakuja?"

Mwano ni ukunga wetu wa hatari. Ukisikia, unatoka na fimbo yako hata kama uko kwenye chakula. Lakini mwano wa mtu anayedhaniwa mchawi, watu huusikia wakageukia ukutani. Ndiyo sababu alitaka ubatizo. Alitaka wawepo watu ambao hawatageukia ukutani.

Mzee Jilala alikohoa. "Waumini hutokea kwa ajili ya waumini. Ukishapangwa daraja, ng'wana Mahona, tutatokea wote."

"Na kabla sijapangwa?"

"Vumilia."

Milembe alitutazama kwa macho yake yale mekundu, mmoja baada ya mwingine. Kisha alichukua ndoo zake akaenda lambo, maana ilikuwa Jumamosi. Nakiri kwamba chai ya siku ile haikuwa na ladha, ingawa sukari ilikuwepo.

Sikukuu ya Mavuno ikafika, na Mchungaji Sylvester akaja kwa pikipiki yake, mweupe kwa vumbi la njia ya Mwanhuzi. Aliingia kanisani, akaiona kamba. Akaigusa kwa kidole.

"Hii ni nini?"

Nilikuwa nimeisubiri fursa hiyo. Nilisimama nikatoa taarifa kamili ya Kamati: chimbuko, mbinu, mafanikio na changamoto. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho. Nilimwona amekunja uso, nikadhani ni wivu.

"Kwa hiyo hawa wa kulia ni safi," alisema.

"Safi kabisa, Mchungaji. Nimewapima mwenyewe."

"Na Kamati haikosei?"

"Kamati haijawahi kukosea," alijibu Mzee Jilala kutoka benchi la mbele.

"Na yule aliyesimama nje ya mlango?"

Alikuwa Milembe. Alikuwa ameleta maji ya mwisho, ndoo bado iko kichwani.

"Huyo hajapangwa," nilisema.

Mchungaji alimwita kwa jina. Milembe alipita katikati, ikambidi atembee sambamba na kamba yetu mpaka mbele. Mchungaji akamwomba ile ndoo, akamuuliza maswali ya imani, naye akayajibu kwa sauti ambayo hata waliokaa chini ya paa bovu waliisikia. Akambatiza kwa maji aliyoyachota mwenyewe. Hakuna kikao kilichoitishwa. Hata mimi Katibu sikuombwa maoni. Wafifi walipiga vigelegele, wakamkalisha katikati yao.

Kisha Mchungaji akafunua meza ya Bwana. Alikuwa amekuja na mikate mizima kutoka Bariadi mjini, na aliimega vipande vikubwa.

"Ninaheshimu sana kazi ya Kamati," alisema. "Bwana mwenyewe alisema wenye afya hawahitaji tabibu, ila walio hawawezi. Meza hii ni ya wenye dhambi. Kwa hiyo Wafifi, karibuni. Wasafi hawana kitu cha kusamehewa, na Katibu amethibitisha. Wao wapumzike."

Tulicheka. Tulidhani ni utangulizi. Lakini Wafifi walianza kupanga foleni, Kristofa akiwa wa tatu, na hakuna aliyetuita.

Mama Elina ndiye aliyeinuka kwanza. Aliinama akapita chini ya kamba, huku analia waziwazi, akaenda akasimama nyuma ya Milembe, akamshika bega.

Mzee Jilala alisimama. "Mchungaji, hoja ya utaratibu! Mimi pia ni mwenye dhambi."

"Kwa hiyo Kamati ilikosea?"

"Kamati haikosei!"

"Basi kaa, mzee wangu. Wewe ni safi."

Mwenyekiti alikaa, akasimama, akakaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungiwa ndani ya zizi alilojenga mwenyewe. Halafu akalipuka. "Nilimfanyisha mjane kazi shambani kwangu bila hata uji!" Wasafi wengine wakaona mkate unapungua, wakaanza kupiga kelele. Mmoja alisema amehamisha mpaka wa shamba la ndugu yake. Mwingine akasema huo si kitu, yeye amehamisha mipaka ya ndugu wote. Mzee Jilala alidai kwamba kwa uzito wa makosa yake alistahili kuwa Fifi wa daraja la kwanza, na apewe mkate kabla ya hao wa mipaka. Wazee wa kanisa walisukumana kwenye kamba mpaka ikawaangusha.

Mimi sikupiga kelele. Mimi ni mtaalamu. Nilikwenda mbele nikasema kwa sauti ya kiofisi kwamba ninakata rufani ya kushushwa daraja, na kwamba ninao ushahidi: nilitia mchanga kwenye pamba.

"Kumbe ni wewe!" Kristofa alipaza sauti, mkate bado uko mdomoni. "Mashine ya kiwandani iliharibika meno!"

Kanisa zima likacheka, kulia na kushoto. Nilisubiri kicheko kiishe, nikauliza rufani yangu itasikilizwa na chombo gani.

"Hakuna chombo," alisema Mchungaji.

"Basi nitapimwa kwa kigezo gani?"

Alirudi kumega mkate. Nilibaki nimesimama pale peke yangu, mikono imekosa pa kukaa. Sikuwahi kujua kwamba kanisa letu ni kubwa namna ile. Niliona aibu, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Milembe alikuja, maji bado yanamtiririka shingoni. Alisukuma kamba kando kwa mguu, akanishika mkono ule wa ukaguzi.

"Njoo, baba."

"Rufani bado haijasikilizwa, mayu."

"Njoo tu. Mkate upo."

Akanikalisha kwenye benchi lao, juu yangu paa limetoboka. Mchungaji akanipa kipande kikubwa kama walivyopewa wengine. Nilikipokea, nikala, na sikuona kosa lolote ndani yake.

Hapo Milembe akaniinamia sikioni. Nyumba yangu ndiyo iliyo jirani zaidi na yake.

"Baba Machibya," alisema, "nikipiga mwano, utakuja?"

Nilitaka kumweleza kuhusu hadidu za rejea, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa mkate wa bure. Nikaitikia kwa kichwa.