Kiti cha Glenys

Jumatatu, 4 Machi

Gari ni langu! Benki haina tena hata tairi. Nimelipangusa, nikalibusu boneti. Jekundu, viti viwili, limelala chini kabisa.

Glenys, mke wangu, kaipokea habari kwa njia yake. Eti sasa limekwisha kulipiwa, tuliuze tununue gari refu la kukaa juu. Goti linamsumbua, kushuka kwenye langu lazima nimvute kwa mikono miwili. "Nev, mimi si kiazi cha kung'olewa," kasema. Jumamosi ana fainali ya matufe klabuni, ule mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, na mji wetu wote wa Toowoomba utakuwepo. Asiposhuka mwenyewe mbele ya wenzake, gari liuzwe. Nimekubali. Akili ninazo.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Ubaya si wa gari, ni wa kiti. Nikiking'oa na kukiwekea vibao chini kiinuke, atashuka kama malkia.

Jirani Barry Tunks kaegemea uzio kunitazama. Huyu ana pikapu. Kila wikendi mtaa unamwita ahamishe makochi, wanamlipa katoni ya bia, naye anajiona mfalme. Kauliza kama gari langu laweza kubeba walau gunia la chakula cha kuku. Sikumjibu. Nilikuwa na spana mdomoni.

Alhamisi, 7 Machi

Kiti kimetoka! Nimekisugua kwa sabuni, nikakianika kwenye nyasi kando ya barabara. Nikaingia kunywa chai. Kurudi, nyasi tupu.

Nilisahau! Wiki hii manispaa inazoa vyombo vikuukuu. Watu wametoa magodoro na mafriji, na kilicho kwenye nyasi ni cha atakayekiwahi. Ndiyo sheria yetu. Meza yetu ya chakula niliipata hivyo hivyo.

Nimemkimbilia Tunks. Je, kamwona mtu? Kamwona sana! Jamaa mstaarabu, kasema, hata mkono kapunga. Kiti kilikuwa kizito, basi Tunks kamsaidia kukipakia.

Glenys kacheka mpaka kajishika goti. Kisha kanikumbusha kwamba ujanja mwingi, mbele giza.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefunga kiti cha plastiki cha bustanini kwa kamba ndani ya gari. Nikajaribu peke yangu. Kona ya kwanza kimeniangukia mapajani. Tunks alikuwa akimwagilia maua. Maua yake yalikuwa yamekwisha kulowa, lakini hakuondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Glenys kaenda fainali kwa pikapu ya Tunks. Kakanyaga kidato, kapanda. Kashuka mwenyewe. Kashinda! Karudi na kombe, dirisha wazi, akiimba. Sijamwona na furaha hiyo tangu goti lianze. Imeniuma, tena nimeona aibu. Nimemwambia Jumatatu nakwenda kulibadilisha gari. Kanibusu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kwa muuza magari, moyo mzito. Gari refu lilikuwepo, la kijivu, kidato na kila kitu. Kalamu nilikwisha kuishika. Ndipo nikaona kitu nyuma ya yadi, chini ya turubai. Pacha wa langu! Jekundu vilevile! Injini imekufa, magurudumu hayapo, lakini viti vyote viwili vizima!

Nimelinunua papo hapo, Tunks kanivutia kwa trela nyuma ya pikapu yake. Kataka katoni mbili.

Nilikwenda kuondoa gari moja, nimerudi na mawili, na sasa Glenys ana viti vya kuchagua. Nimemwita nje, nikamwonyesha. Katazama kimya, kaingia kwenye pikapu ya Tunks, kafunga mlango, hataki kushuka. Furaha imemziba mdomo, maskini.