Ulimi wa Dubu Kwenye Kamera za Hepovaara

Taisto Moilanen,
Mtunza Kamera,
Chama cha Wawindaji cha Hepovaara.

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Wanyamapori wa Mkoa.

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: DUBU KUHARIBU KAMERA ZA CHAMA KWA MAKUSUDI NA KWA ULIMI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo ofisini. Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka. Kwanza niombe radhi. Huku kwetu si adabu kumtaja dubu kwa jina lake, kwa sababu anasikia. Marehemu mke wangu Lahja alimwita Bibi Kiganja-Asali, nami nikazoea hivyo hivyo. Lakini hii ni barua ya ofisi na nataka kila kitu kieleweke, kwa hiyo nitasema dubu, na akisikia na asikie.

Kazi yangu chamani ni kutunza kamera tunazofunga kwenye miti, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Kwa picha hizo tunajua kulungu wakubwa wako wangapi kabla ya msimu wa kuwinda. Msimu ukiisha tunawaandalia wenye mashamba na misitu wanaoturuhusu kuwinda kwao karamu ya supu ya kulungu, na picha zile zile huonyeshwa ukutani watu wakila. Sasa mwenyekiti wetu, Sirkka Tolonen, alikuja jikoni kwangu juzi, akanywa kahawa, akajimiminia nyingine, ndipo akatoa lake: "Taisto, tusizungushane. Karamu ya mwaka huu nikiona tena ulimi ukutani, kamera nampa Veijo." Akachukua mkate wa iliki wa kula njiani, akaenda zake.

Veijo Huotari ni jirani yangu na sina ubaya naye. Ila Mheshimiwa, tangu Lahja afariki, kamera hizi ndizo zinazonivalisha buti asubuhi. Nisipokwenda kuziangalia, siku nzima anayesema nami ni redio, na redio haingoji jibu. Zikienda kwa Veijo, sijui nitaamka kwa ajili ya nini. Ndiyo maana nakuandikia, na malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili ofisi isipate shida.

1. Ulimi. Dubu huyu hapiti mbele ya kamera kama wanyama wengine wenye heshima zao. Huisogelea, huinusa, kisha huilamba taratibu, bila haraka, kama mtu aliyealikwa. Mwaka jana wageni walikaa na mabakuli yao, taa zikazimwa, na picha ya kwanza ukutani ikawa ulimi. Ya pili, ulimi. Ya tatu ilikuwa tundu la pua ambalo, kwa ukubwa wa ukuta ule, ungeweza kuegesha trekta ndani. Mama mmoja mwenye msitu mzuri kuliko wote aliweka kijiko chini akauliza, "Hii supu mmeipika na nini?" Hakula tena.

2. Wizi na kuingilia faragha za watu. Dubu aling'oa kamera moja akatembea nayo mdomoni, nayo kamera, kwa uaminifu wake, ikaendelea kupiga picha njia nzima. Kwa hiyo ukiacha miti iliyopinduka na kipande cha mbingu, tulipata pia picha safi ya Veijo akitoka kwenye sauna yake ya kuogea mvuke kama alivyozaliwa. Sikuzipitia picha hizo kabla ya karamu, kwa kuwa nilikuwa nimeshachoshwa na ndimi. Ukumbi mzima ulimwona. Veijo alisimama akasema, "Angalau nilishika ndoo!" na watu wakampigia makofi, lakini tangu siku ile ananisalimia kwa kidevu tu. Naomba sheria inayotukataza sisi kupigana picha ovyo imhusu na dubu.

3. Hatua nilizochukua. Isije ikasemwa nimekaa tu nikalalamika. Tangu siku niliyokabidhiwa kamera, mikanda yake nimeipaka lami ya msonobari, ile nyeusi itokayo kwenye mti, si ya barabarani, ili isioze. Dubu alipoanza vituko vyake, nikaona dawa ni kuongeza lami, maana harufu yake ni kali na mnyama mwenye pua ile lazima itamshinda. Baba yangu alipaka lami mashua, paa la ghala na kwato za farasi. Kwetu kitu kisichopakwa lami bado hakijamaliza kutengenezwa. Hata Lahja aliposhikwa na kikohozi nilimpaka kifuani, na kikohozi kikakimbia, ingawa mwenyewe alidai aliyetaka kukimbia ni yeye.

Basi nikaitengenezea kila kamera kasha la mbao, nikalipaka. Dubu akalivunja. Nikatengeneza la chuma, nikalipaka tabaka juu ya tabaka. Akalipinda, kisha akalisugulia mgongo. Nikazipandisha kamera juu, nikapaka na mti wenyewe. Akaupanda. Mwisho nikaweka redio ikiwa na matangazo ya bunge, nikijua hakuna kiumbe anayeweza kuvumilia hayo. Picha zinamwonyesha amekaa chini, ameukumbatia mti wangu, amefumba macho. Nikaongeza lami.

4. Uchochezi. Tangu niongeze lami, dubu huyu haji tena peke yake. Kwanza alileta watoto wake. Kisha wakaja madume ambao Hepovaara nzima hatuwajui, na mmoja kwa sura yake katoka mbali sana, tena kwa miguu. Wanapanga foleni, Mheshimiwa. Wanasukumana. Ni wazi kwamba huyu mama ameeneza habari kuwa kwa Taisto hakuna serikali, na jambo hili sasa limetoka kwenye tabia mbaya ya mtu mmoja limeingia kwenye usalama wa mkoa.

5. Maombi. Naomba ofisi imwandikie onyo la maandishi. Najua hasomi, lakini sheria haijali hilo kwetu sisi, kwa nini ijali kwake? Onyo libandikwe mtini kwenye kimo chake, na mimi nitalipaka lami lisiloane. Akikaidi, ahamishiwe mkoa mwingine wenye watalii wanaopenda ndimi. Kama uhamisho una usumbufu, basi asajiliwe kuwa mwanachama wetu, ili tuweze kumwadhibu kwa katiba ya chama, na tukitazama mahudhurio ya msituni anamshinda Veijo kwa mbali. Na kama yote hayo yameshindikana, apewe yeye utunzaji wa kamera rasmi na mimi niwe msaidizi wake. Niko tayari kufanya kazi chini ya dubu. Chini ya Veijo sipo tayari.

Mwisho kabisa naomba ofisi inisaidie makopo ya lami, yale makubwa, kwa kuwa haya mapambano yamenimalizia yote niliyokuwa nayo.

Nisalimie makarani wote, dereva wa lile gari lenye matope, na yule mama wa mapokezi aliyenikatia simu kwa sauti nzuri. Kama ofisi ina mbwa, naye mkunie sikio kwa niaba yangu.

Ni mimi, ninayesubiri hatua kali pamoja na lami,

Taisto Moilanen

Tanbihi: Bahasha ilikuwa mezani bado haijafungwa Veijo alipokuja kurudisha ngazi niliyomwazima. Alifika mlangoni akasita, akanusa hewa. "Taisto bwana, usiniambie kamera unazipaka hiyo kitu." Nikamwambia nazipaka, tena sana. Alicheka mpaka akajikalia juu ya sanduku la kuni. "We mzee! Dubu anaipenda lami kuliko wewe unavyopenda kahawa! Watu wanaipaka mitini kusudi, wakitaka aje!" Nikamuuliza kamera zake mwenyewe, alizofunga nyuma ya nyumba yake, anazipaka nini. Akasema hapaki kitu, na dubu hajawahi hata kuzigeukia.

Sikumwamini, kwa hiyo kamera moja niliiosha kwa sabuni nikaiacha wiki nzima. Picha zimetoka safi kabisa: dume la kulungu, jike na ndama wake, mbweha, kila mmoja kuanzia kichwa hadi mkia. Ni picha za kuonyesha watu wakila. Nilizipanga mezani nikazitazama. Zile za ulimi tulikuwa tunazitazama hapa hapa mimi na Lahja, tukibishana ni kiungo gani. "Hilo sikio!" "Sikio gani, mwanamke, hilo goti!" Alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Hizi safi hazina cha kubishania, na wa kubishana naye hayupo. Nilizirudisha kwenye bahasha yake nikaenda kulala mapema.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote, la kwanza hadi la tano, yafutwe. Bibi Kiganja-Asali asionywe, asihamishwe, asiguswe. Kamera za chama nimeshampelekea Veijo mwenyewe, zimeoshwa zinang'aa, na Sirkka atapata karamu yake bila ulimi. Nimebaki na ile moja iliyobebwa mdomoni, yenye alama za meno, kwa sababu hakuna aliyeitaka, na bado inapiga picha. Nimeifunga kwenye msonobari nyuma ya sauna yangu. Ombi la lami tu ndilo naomba libaki.