Okidi Mbili za Bwana Matheka

Jumatatu, 2 Julai 1979

Leo bahati imebisha hodi. Bwana Matheka, meneja wetu wa kiwanda cha rangi, anakwenda kozi Uingereza hadi Septemba. Ametuachia okidi zake mbili tumtunzie: moja mimi, moja Nalianya, karani mwenzangu wa stoo na jirani yangu hapa mtaani Jericho. Mimea yenyewe haina sura. Vijiti vinene, majani machache juu, mizizi imeshikilia makaa ndani ya kikapu cha waya. Anasema aliitoa Ukambani juu ya mti, na ikichanua hutoa maua ya njano yenye madoa kama chui.

Maagizo: ining'inizwe nje chini ya ukingo wa paa, penye mwanga. Miezi hii ya baridi inapumzika. Maji kidogo tu, mara moja kwa wiki mbili. Mbolea hapana, hadi ichipuke yenyewe. Kisha akasema Andati, mkuu wa stoo, anastaafu mwaka huu, na angependa kuona ni nani anayeweza kuachiwa kitu.

Nalianya aliandika yote kwenye karatasi. Maskini. Hakutambua kwamba ni mtihani. Hakuna mtu anayepewa stoo kwa kukaa bila kufanya kitu. Yangu itachanua kabla Matheka hajatua.

Alhamisi, 5 Julai

Baridi kali, manyunyu tangu asubuhi. Nimeingiza okidi ndani, karibu na jiko. Maji ya uvuguvugu asubuhi, chai jioni. Sukari nitaongeza ikizoea. Nimeivika sweta yangu ya zamani. Wacuka, mke wangu, aliuliza kama mgeni huyu atalala ukutani au katikati yetu. Hajui mambo ya vyeo.

Nilichungulia kwa Nalianya. Yake iko uani, kwenye msumari, inatetemeka kwa upepo. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 11 Julai

Majani matatu yameanguka. Nimeongeza maji.

Kazini nilimwambia Nalianya kwamba yangu inanawiri hadi naogopa dari. Alifurahi kwa moyo wote, jambo lililoniudhi. Akasema yake iko vilevile, lakini Bwana alisema ipumzike, basi ameiacha ipumzike. Mvivu amepata mmea wa kufanana naye.

Jumamosi, 14 Julai

Jani la mwisho limeanguka. Imebaki vijiti vitupu. Wacuka alitaka kuviwashia moto akidhani ni kuni. Ya Nalianya bado ina majani matano. Nimeyahesabu kutoka upande wetu.

Vikapu vyetu vinafanana kabisa. Nimeamua.

Jumapili, 15 Julai

Niliamka na tumbo. Wacuka alikwenda kanisani peke yake. Niliwaona Nalianya na watoto wakitoka, wamechana nywele, Biblia mkononi. Nikangoja kidogo, nikaruka ua wa miiba. Suruali ilibaki na alama. Niliivua yangu sweta, nikaitundika kwenye msumari wake, nikachukua yake. Kazi ya dakika moja. Si wizi. Zote mbili ni za Matheka.

Wacuka aliporudi alinikuta namaliza chapati za jana. Akauliza tumbo linaendeleaje.

Jumanne, 24 Julai

Nilitegemea Nalianya atapiga kelele. Wapi. Leo tu, tukihesabu makopo, ndipo aliposema kwa upole kwamba okidi yake iliangusha majani yote Jumapili moja, kwa mkupuo. Nilimpa pole, nikasema labda ni baridi. Akanitazama kidogo, akasema labda. Ataendelea kufuata karatasi yake.

Yangu hii mpya napambana nayo sawasawa. Maji mara tatu kwa siku. Samadi ya kuku kutoka kwa mama wa mayai. Nimeivika ile sweta na kuifunika na karatasi ya nailoni isipate upepo.

Jumamosi, 11 Agosti

Kuna harufu. Wacuka alihamisha kabati akitafuta panya aliyekufa. Mwishowe alifunua nailoni. Vijiti vimekuwa laini kama ndizi zilizopitiliza. Nilikiminya kimoja, kikatoa maji meusi. Nikaongeza samadi, ipate nguvu.

Wacuka akasema, "Baba Wangeci, kitu hicho kitoke, au nitoke mimi." Nimekitoa nje, kikiwa na sweta yake.

Jumatatu, 20 Agosti

Nimeona kwa macho yangu. Kwenye kile kijiti kitupu nilichomwachia Nalianya kumetoka shina refu lenye vitumba. Nilishindwa kula.

Nimewaza kubadilisha tena. Haiwezekani. Beldina, mke wa Nalianya, amehamishia beseni lake la kufulia chini ya ule msumari, na sasa anafua hadi Jumapili. Nikikaribia ua, ananisalimia kwa jina kabla sijafika.

Jumatatu, 3 Septemba

Matheka amerudi. Tulipeleka okidi ofisini mbele ya Andati. Ya Nalianya ilikuwa na maua kumi na moja, ya njano, yenye madoa. Yangu ilikuwa ndani ya gunia. Nilianza kueleza habari za hewa mbaya ya Jericho. Matheka alikigusa kijiti kwa kalamu. Kalamu ikazama.

Akampa Nalianya mkono. Hapo Nalianya, mtu asiyejua kunyamaza, akasema, "Hapana, Bwana. Hii iliyochanua ndiyo uliyompa Gichuru hapa. Mke wangu alikuwa na mafua Jumapili ile, hakwenda kanisani. Alimwona kupitia dirisha akizibadilisha. Nikamwambia tumwache, angalau hii itapata kupumzika."

Andati alikohoa muda mrefu. Matheka akaniuliza kama ni kweli. Nilisema ni kweli kwa sehemu.

Nalianya amepewa stoo. Mimi nimehamishiwa nje, kupokea makopo matupu.

Jumanne, 4 Septemba

Nimekaa kati ya makopo kutwa nzima nikifikiri, na ukweli umenijia. Nalianya mwenyewe ameshuhudia mbele ya watu kwamba okidi iliyochanua ni yangu. Nani aliipa chai siku kumi? Nani aliivika sweta? Nguvu yangu ilikaa ndani ya vile vijiti, ikangoja, ikaja kutokea uani kwa mtu ambaye hakufanya lolote.

Nimemwandikia Matheka barua ya kurasa tatu. Naomba stoo. Ikishindikana, basi nirudishiwe okidi yangu niitunze Julai ijayo. Wacuka aliisoma, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Sina homa. Nina jiko la pili, nimelinunua leo.