Malalamiko Kuhusu Chakula Changu cha Mchana Kinacholiwa kwa Adabu

Stoo ya Sare, ghorofa ya chini,
Kampuni ya Ulinzi ya Jicho Kavu,
Nakivubo, Kampala.
Alhamisi, 22 Mei 2025

Kwa Madam Juliet Aber,
Meneja wa Utumishi, ghorofa ya pili.

Madam,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umekwisha kula, kwa sababu haifai kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi naiandika nikiwa na njaa. Ni saa saba mchana, nimekaa juu ya marobota ya buti nyuma ya kabati, na wenzangu wako kwenye meza ya mlangoni wakila chakula nilichopika mimi.

Unakumbuka mwezi wa nne kliniki ilinikuta na presha, maana wewe ndiye uliyenipa ruhusa ya kwenda. Daktari alinikataza vya kukaangwa vya barabarani. Aliniambia nipike nyumbani, nibebe, kisha nirudi mwisho wa mwezi huu. Presha isiposhuka nitaanza vidonge, na vidonge hivyo ukishavianza huviachi. Nilitii. Jumamosi jioni, kwangu Luzira, naloweka maharagwe. Jumapili nikitoka kanisani nayachemsha na vitunguu na nyanya, bila kukaanga, nayagawa kwenye mikebe ya wiki. Asubuhi naongeza dodo, huo mchicha wa huku, iliyopitishwa tu kwenye maji moto, na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Ni chakula cha bei ndogo, kina afya, na kinanukia. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu neno "karibu". Kwetu Busia, upande wa Kenya, mtu akifungua chakula mbele ya wengine husema "karibuni", na wao hujibu "asante, tumeshiba", hata kama hawajatia kitu mdomoni tangu jana. Ndipo unakula kwa amani. Tarehe 7 Aprili nilifungua mkebe, nikasema karibuni. Afande Okullo, msimamizi wa zamu, ambaye alizaliwa kambini na kustaafia jeshini, alisimama akaenda kunawa mikono. Ogwal wa redio akamfuata. Moreen wa mishahara akauliza kama kuna kijiko. Nilikuja kuelezwa kwamba kambini neno hilo halisemwi kwa mapambo. Ukilisema ni amri, na amri hutekelezwa.

2. Kuhusu jibu langu. Mkebe ulipokwisha kuwekwa katikati, Afande aliniita: "We Mukenya, unasimama nini kama sentri? Karibu, kula!" Nilikuwa nakaribishwa kwenye maharagwe yangu. Madam, malezi ni malezi. Kabla sijafikiri, mdomo ulikwisha kusema, "Asante Afande, nimeshiba." Wakaniamini. Wameniamini kila siku tangu hapo, kwa sababu kila siku nasema vilevile. Moreen huwaeleza watu wa ghorofa ya juu kwamba mimi hupika lakini sili, kama bibi harusi.

3. Kuhusu kula peke yangu. Nilijifungia stoo nikaanza kula gizani. Kijiko cha pili hakijafika, Afande akagonga mlango. "Kenya! Nani amekufa?" Nikamjibu hakuna. "Basi ni bibi amekwenda?" Kwa maelezo yake, mwanamume anayekula nyuma ya komeo ana msiba au ameachwa. Kabla ya saa tisa Moreen alikuwa ameniletea soda, na Ogwal ameniombea dua akiwa amenishika kichwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umebonyeza redio, kwa hiyo walinzi wa malindo yote ya mjini waliitikia amina.

4. Kuhusu mboga. Nikaamua kuharibu chakula. Tarehe 13 Mei nilimwomba muuza mboga mmoja sokoni anipe majani ambayo mtu akiyaonja hatarudia. Alinipa malakwang, mboga chachu ya kukunja uso. Niliyachemsha bila chumvi, sikumwaga maji ya kwanza ili uchachu usitoke, nikachanganya na karanga za kusaga zilizokuwa zimebaki. Nilipoonja ilibidi nikae. Afande naye akaonja, akaweka kijiko chini, akautazama ukuta. Nikajipongeza moyoni. Kisha akasema taratibu, "Hii ni chakula ya mama yangu." Sikujua, Madam, kwamba huko kwao kaskazini hicho ndicho cha kumpa mgeni wa heshima. Wewe mwenyewe unatoka huko, ungeweza kunionya. Kesho yake alileta chupa ya simsim ya kusaga kutoka kwa mkewe, pamoja na askari wawili wa getini ili "nao waonje nyumbani". Akanikosoa pia, kwamba maji ya kwanza humwagwa.

5. Kuhusu sare. Hapa jambo linaingia kazini. Chakula changu kinatibu, ila kinatibu wengine. Afande ametoboa tundu jipya kwenye mkanda. Ogwal amerudisha suruali akitaka ndogo. Askari wa getini sasa wanapanda ngazi bila kushika ukuta. Saizi ndogo zimeisha stoo, na anayeulizwa ni mimi. Na mimi mwenye presha, njaa ikinishinda, natoka kwa mlango wa nyuma, nanunua rolex mbili, zile chapati zilizokunjiwa mayai, zinazong'aa kwa mafuta, nazila nimesimama nyuma ya kibanda, mgongo barabarani. Hapo simkaribishi mtu. Juzi nilichukua suruali kubwa kuliko zote zilizomo stoo. Nilijiombea mimi, nikajiidhinishia mimi, nikajipima mimi mwenyewe kama inanitosha. Inanibana.

Kampuni yetu inalinda benki na maduka ya dhahabu usiku na mchana, lakini haijaweza kulinda maharagwe ya mfanyakazi wake. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote:

(a) neno "karibu" lipigwe marufuku ndani ya jengo kuanzia saa sita hadi saa nane;

(b) mkebe wangu uandikishwe kama mali ya mteja, upangiwe mlinzi mwenye silaha, na mlinzi huyo asiwe Ogwal;

(c) kama (b) ina gharama kubwa, basi nifungwe mimi. Gereza la Luzira liko karibu na nyumbani kwangu, na nasikia kule kila mtu ana sahani yake.

Sina ugomvi na mtu. Wasalimie wote wa ghorofa ya pili, na katibu wako Docus mwambie nampa pole ya mguu. Hawa walioko mezani sasa hivi nawatakia chakula kishuke salama.

Ni mimi, mtiifu kazini na mwenye njaa,
Cleopas Wandera,
Mtunza Stoo.

Baada ya kutia sahihi:

Nilipanda kukuletea barua hii. Docus akaniambia umeshuka. Nikashuka. Nimekukuta stoo, Madam, umekalia kiti changu, simsim imefika kwenye saa ya mkono, unabishana na Afande kuhusu jinsi shangazi yako anavyopika malakwang. Niliificha bahasha mgongoni. Ukanitazama ukasema, "Cleopas, hawa wananiambia wewe unapika tu, hakuna kula. Na presha yako?"

Afande akaacha kutafuna. "Presha? Kenya, una presha, na unatuangalia tu?" Alisogeza mkebe wote mbele yangu, akaweka mkono begani mwangu, mzito kama mfuko wa saruji, na hakuna aliyegusa kitu mpaka nilipomaliza. Nilianza kusema nimeshiba. Mkono ukaongezeka uzito.

Nimekula. Leo sikutoka kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo naondoa malalamiko yote matano pamoja na ombi la kufungwa. Barua nakuachia kwa ajili ya faili tu, na badala ya mlinzi naomba kampuni ininunulie sufuria kubwa.

Uliposema chumvi imepungua, nilinyamaza kwa heshima ya cheo chako. Haitaongezwa. Kesho ni choroko, na ukichelewa hatutakungoja.