Nani Atamsainia Shangazi?

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata wazo! Nilikuwa namnyoa karani wa mahakama, akanieleza habari ya hati ya uwakilishi. Kumbe mtu mzima, akiwa na akili timamu, anaweza kumteua anayemwamini asimamie mambo yake siku asipojiweza. Nikamkumbuka Shangazi. Nyumba yake inatazama barabara kuu! Nikauliza kama aliyeteuliwa anaruhusiwa kugeuza sebule kuwa saluni. Karani alikuwa ameshika sikio, nililolikata kidogo kwa furaha.

Jumanne, 4 Machi
Nimemhubiria Shangazi. Hujafa hujaumbika, nikamwambia, na ugonjwa haupigi hodi. Akasikiliza vizuri sana. Dada yangu mkubwa akadakia, akauliza mbona mimi mwenyewe sina hati hiyo. Nikacheka. Mimi, kijana wa miaka arobaini na sita! Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Kesho tunakwenda kwa mwanasheria. Keshokutwa nasaini upya mkataba wa chumba changu cha saluni. Lazima nisikose, maana Denge, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, anakimezea mate. Lakini je, Shangazi ataandika jina langu kamili? Usingizi hauji.

Jumapili, 9 Machi
Hospitali. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mwanasheria alinitoa nje, eti lazima amsikie Shangazi peke yake, isije ikawa anashinikizwa. Na nani? Mimi nilitaka kujua jina tu. Nikaweka kiti juu ya meza, nikapanda, nikachungulia kwenye tundu la hewa juu ya mlango. Nikaona kipara cha mwanasheria. Nikaona Shangazi akitabasamu. Kisha nikaona sakafu.

Nimezinduka jana. Ijumaa imepita bila mimi! Dada alikwenda kumsihi mwenye chumba amruhusu anisainie. Akaulizwa, "Amekuandikia hati?" Akarudi mikono mitupu. Chumba kapewa Denge.

Nimelia. Miaka yangu yote ya kazi imo mle ndani.

Jumatatu, 17 Machi
Nanyolea barazani kwa Dada, mkono wa kulia bado una plasta. Mteja wa kwanza ameondoka amejifunika kofia ya shemeji.

Shangazi amekuja kuniona, mzima kama chuma. Jina aliloandika ni la Dada. Akanishika bega, akasema, "Mwanangu, na wewe kaandikishe yako. Fanya sasa, maadamu akili unayo, hiyo hiyo kidogo."

Nimemshukuru, nikakataa. Hayo ni mambo ya wazee. Na ajali yangu nimeshaimaliza.

Jioni nimepita kwenye chumba changu cha zamani. Denge anakohoa. Kikohozi kibaya, cha kifuani. Hana mke, hana mtoto. Nikamnunulia dawa, nikampelekea mwenyewe, na nikamuuliza kwa upole kama amewahi kufikiria nani atamsainia akizidiwa.