Oyee Sitini

Jumatatu, 3 Machi
Dada kasimamishwa kazi chuoni. Mheshimiwa mmoja hakulipenda somo lake la historia, akapiga simu, mkuu wa chuo akatetemeka. Dada hakulia. Kaja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha cherehani, kaagiza kofia sitini za maandamano: SIASA NJE YA DARASA. Nimemwambia aondoe shaka, sisi ni wa tumbo moja.
Tatizo: ofisi ya mheshimiwa imeniahidi kazi ya kushona sare zao. Mshika mbili moja humponyoka, eti. Waliosema hivyo hawakuwa na cherehani.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Nje, maneno ya dada. Ndani, chini ya bitana, MHESHIMIWA OYEE. Watu wake wakinilaumu, nitawaonyesha: hata waliompinga walimbeba kichwani. Dada hatajua. Muda hautoshi kushona bitana zote, kwa hiyo nimezibandika kwa gundi. Fundi wa kibanda cha pili, tunayemwita Mdomo, kachungulia na kuniuliza kama nina akili timamu. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Ole wangu.
Jua la utosi. Wahadhiri wenzake dada wanaandamana, wamependeza kwa kofia zangu, nami nyuma yao, kifua mbele. Dada akapanda ngazi za maktaba. Akasema mwalimu anayeomba ruhusa ya kusema kweli hafundishi, anakariri. Machozi yalinilenga. Kisha akavua kofia, akaipunga juu.
Jasho lilikuwa limeyeyusha gundi. Bitana ikaning'inia kama ulimi. MHESHIMIWA OYEE!
Halafu kila mtu akavua yake kuikagua. Oyee sitini! Mpiga picha wa gazeti alipiga magoti apate zote. Profesa mzee wa hisabati akamuuliza dada katumwa na nani. Dada alikuwa ananitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimeinama nikifunga kamba za viatu.
Nilivaa ndala.

Jumamosi, 8 Machi
Picha ipo ukurasa wa mbele. Mheshimiwa kawashukuru wahadhiri kwa kumuunga mkono. Wenzake wamemtoa dada kwenye kamati ya maandamano.
Nimekwenda kwake, nimemkuta anapanga vitabu vya ofisini kwenye maboksi. Nimeeleza yote. Nimemwomba hata anitukane. Kafunga boksi kwanza.
"Mdogo wangu," kasema, "wao walinichoma mbele za watu. Wewe umenichoma kwa ndani."
Kisha kanimiminia chai. Niliishika mpaka ikapoa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda mbele ya kamati, nimekiri kila kitu. Profesa wa hisabati kasema sasa hesabu imekaa sawa, kamwomba dada radhi. Wamemrudisha kwenye kamati. Kazini bado. Kofia mpya wameagiza kwa Mdomo. Dada kanipita mlangoni kama anayepita nguzo ya umeme.
Roho inaniuma. Nimeapa: ujanja basi, kabisa! Kuanzia leo ni kumsaidia dada tu, kwa moyo mweupe.
Nimeanza mchana huu huu. Nimemwandikia mkuu wa chuo barua kali: amrudishe dada darasani, na asiwasikilize tena wanasiasa. Nimeshaifikisha mapokezi kwa mkono wangu.
Ili iwe na uzito, nimeisaini kwa jina la mheshimiwa.